Binti Yangu Anatetea Utafiti Wake Ijumaa, na Mimi Sijui Anachosema

Admin, hujambo. Tafadhali nifiche jina. Kabla sijatoa shida yangu wacha nisalimie watu, maana sikulelewa kuingia kwa wenyewe nikianza kulia mlangoni. Nawasalimu wote wa huu ukurasa. Nawasalimu wa nyumbani kwetu bara: mama yangu na magoti yake, kaka yangu mkubwa na bibi yake, mdogo wangu aliyejifungua juzi, watoto wa marehemu dada, hata jirani anayetuangalizia ng'ombe. Nawasalimu akina mama wenzangu wa hapa Marilandi, Marekani, nyinyi mnaotoka shifti miguu imevimba. Mimi ni mzima, isipokuwa moyo.

Nina miaka hamsini na mbili. Shule niliachia darasa la tano. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, na naishi Langley Park na binti yangu mmoja tu. Baba yake alifariki akiwa mdogo. Huyu binti anasoma sayansi ya tiba chuo kikuu huko mjini, na kwa sababu alifanya vizuri alichaguliwa kufanya mwaka wa utafiti wa heshima. Yaani unapewa swali ambalo hata walimu hawajui jibu, unalitafuta mwaka mzima, halafu unasimama mbele ya maprofesa unalitetea. Lake ni mambo ya saratani. Zaidi ya hapo sijui, na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Huu mwaka umekuwa mrefu kwangu. Kuna seli anazifuga kwenye visahani huko maabara, na lazima zilishwe, hata Jumapili. Mimi nimepika, nimefunika, chakula kinapoa, yeye ameenda kulisha seli. Siku moja nikamuuliza, "Kwani zinakula nini hizo, mwanangu?" Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni ngumu kueleza. Nikasema sawa. Nikala peke yangu. Kanisani nako wenzangu wananiuliza, "Wako bado tu anasoma? Wangu ameshaanza kazi hospitali." Nacheka, lakini nikifika nyumbani naongea na sufuria.

Basi Jumapili moja baada ya ibada nikafunga ugali na kuku kwenye hotpoti, nikapanda basi na treni hadi chuoni. Askari wa mlangoni akapiga simu juu, akaniruhusu. Nikiwa kwenye korido, kabla hata sijaonekana, nikasikia sauti ya binti yangu kwenye chumba chao cha chai. Anaongea Kiswahili!

"Mwalimu, seli zangu zimekufa tena. Mimi nimechoka na hii watu."

"Pole, binti. Sema 'hawa watu.' Tutaanza upya kesho."

"Hawa watu wana madharau!"

Kumbe hao watu ni zile seli. Wakacheka wote wawili. Jamani, nilisimama na hiyo hotpoti kama mtu aliyekosea nyumba. Mimi mtoto wangu hajanifanyia mzaha kwa Kiswahili tangu akiwa mdogo.

Nilidhani huyo mwalimu anayemsimamia utafiti ni mmoja wetu. Kumbe ni Mmarekani mweusi, ana mvi kichwa kizima, alijifunza Kiswahili chuoni ujanani. Kiswahili chake kimepigwa pasi, hakina mkunjo. Akanipa shikamoo! Na umri wote ule! Sisi bara hatuna mazoea nayo, nikajibu, "Mzuri." Akanishika mikono akasema, "Mama, binti yako ni shujaa. Mwezi uliopita alilia hapa mpaka nikaogopa, lakini kesho yake alirudi kazini."

Alilia? Kwangu alikuja akasema kila kitu kiko sawa.

Kwenye treni tukirudi nyumbani nikamuuliza binti, "Mbona yeye unamwongelesha Kiswahili na mimi hapana?" Akasema, "Mami, yeye nikikosea tunacheka. Wewe unanionea huruma, unaniambia niongee Kiingereza."

Ni kweli. Tangu utotoni nikimwona anahangaika na neno, namwambia, "Sema tu kwa Kiingereza, mama, nitaelewa." Nilitaka apumzike. Lakini ndugu zangu, mimi sielewi. Kiingereza cha kazi ninacho, cha dawa na kitanda na maumivu. Chake kinaenda mbio, nashika nusu, nusu naitikia kwa kichwa. Yeye anaamini naelewa kila kitu.

Sasa Ijumaa ijayo ndiyo siku ya kutetea. Familia zimealikwa. Siku ile tukiondoka maabara, binti alipoingia ndani kuchukua koti, yule mwalimu aliniambia polepole, "Mama, ukipenda siku hiyo nitakaa kando yako nikunong'oneze kwa Kiswahili." Nafikiri aliona machoni mwangu kwamba Kiingereza cha binti kinanipita. Hakuniambia kwa ubaya, na ndiyo maana inaniuma zaidi. Nikikubali, binti yangu atatazama kutoka pale mbele aone mama yake anatafsiriwa maneno ya mtoto aliyemzaa. Atajua nimemdanganya maisha yake yote. Nikikataa, nitakaa pale niitikie kwa kichwa tena, na siku yake kubwa itanipita kama magari.

Jana jioni alikuwa anafanya mazoezi sebuleni, mimi nakunja nguo. Alisema yote kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho. Akaniuliza, "Mami, imekuwaje?"

Nikasema, "Nzuri sana."

Akanikumbatia, akasema kama mimi nimeelewa, basi hata maprofesa wataelewa.

Sikulala. Nimkubalie yule mwalimu? Ama nimwambie binti yangu mwenyewe kabla ya Ijumaa, na kumtia hofu wakati huu? Msinitukane, nimetuma hii nikiwa na simu mkononi na machozi usoni. Nishaurini, nifanye nini? Na mnijibu haraka, kwa sababu asubuhi hii ameniuliza kama nitapenda kukaa mstari wa mbele, na sijamjibu.