Posa Iliyotangulia Siku

Sina sababu ya kuficha, maana waliokuwepo wameshaieneza: mtu anayelipwa kwa kuandika programu za tarehe alipeleka wazee wake kuposa siku isiyo yake. Mtu huyo ni mimi, na mpaka leo nikifika Hounslow, mtaa nilikoposa, natembea upande wa pili wa barabara.

Chanzo ni uvivu. Mzee Shaali, babake Rukia niliyetaka kumwoa, alinizungusha muda mrefu (hakuwa na imani na kijana anayeshinda nyumbani na nguo za kulalia akisema yuko kazini), mwishowe akakubali wazee wangu waje Jumapili alasiri. Kilichobaki ni kuwapigia simu wazee, na wazee wetu wa Tanga walivyotapakaa humu London, ukimpigia mmoja atakuuliza habari za ukoo mzima mpaka betri iishe, basi nikaona heri nitumie programu niliyoitengeneza wakati wa baridi: unaingiza siku ya shughuli, yenyewe inamtumia kila mtu meseji. Nikamwambia ami yangu Bakari, "Msipigiane simu, mtachanganyana. Fuateni meseji."

Sasa sikieni ujanja wangu. Kwenye hifadhidata, pale pa kuweka siku, unaweza kuchagua tarehe peke yake, au tarehe pamoja na saa. Nikachagua ya pili, nikijiona ninaona mbali (huenda siku moja saa itahitajika). Usipotaja saa, kompyuta inajaza yenyewe saa sita usiku, siku inapoanza kwa hesabu za Kizungu. Wakati wa baridi haina shida. Lakini kiangazi saa za Uingereza husogezwa mbele, na seva yangu, ile kompyuta inayotuma meseji, ilibaki na saa zake za baridi, basi Jumapili yangu ya saa sita usiku ikarudi nyuma ikawa Jumamosi saa tano usiku, na meseji, ambayo saa haikuionyesha, ikaandika Jumamosi tu.

Kwetu mwanamume haendi kwenye posa yake mwenyewe, kwa hiyo sikujitumia meseji. Jumamosi hiyo niko sokoni Walthamstow, kaptura na ndala, nimeshalipia samaki, Rukia akapiga.

"Kuna gari nje kwetu," alisema kwa sauti ya chini. "Shangazi yako ameshuka na sinia. Baba katoka shifti ya usiku, kawafungulia na kikoi na fulana. Mama yuko kazini. Hatuna hata andazi."

"Waambie ni kesho."

"Baba ameshawaambia. Ami yako anasema watangoja."

Wangoje nini? Nikapanda treni na samaki wangu, nikavuka mji mzima, abiria wakinipisha bila kuombwa.

Nilimkuta Ami Bakari ametulia kwenye usukani na kanzu yake. Alikuwa amemwambia Mzee Shaali kwamba kwetu pwani siku huingia jua likizama, kwa hiyo magharibi ikifika Jumapili itakuwa imeingia, nao watakuwa wamekuja siku yenyewe. Hoja safi kabisa, ila hicho kilikuwa kiangazi cha London, jua halina habari ya kuzama. Jirani mmoja alikuwa akirudia kumwagilia maua yale yale ili atuone vizuri.

"Ami, kosa ni la programu," nikasema.

"Programu kaandika nani?"

Shangazi Tima hakuningoja nijibu. Alinivuta ndani ya gari, akanilaza sakafuni baina ya viti. "Mwenye posa haonekani. Lala."

Nikalala, sinia la halua kifuani na samaki sikioni. Mara nikasikia ndala za Mzee Shaali zikija, zikasimama mlangoni mwa gari. Niliogopa kwelikweli. Mzee huyu akisema hapana, Rukia hatamvunjia neno, nami nitakuwa nimemkosa kwa ajili ya saa moja.

"Huyo kijana wenu," alisema, "si mliniambia ni fundi wa tarehe?"

"Ni fundi," alisema Ami Bakari.

"Na miguu hii ya nani?"

"Mizigo," alisema shangazi.

Mzee alishusha pumzi. "Ingieni ndani, mnaniaibisha kwa majirani. Na mizigo ishuke. Naona imekuja na samaki."

Hivyo ndivyo nilivyohudhuria posa yangu: jikoni, nikipaa samaki, magamba yananirukia usoni, Rukia akikaanga huku anacheka mpaka machozi, na sebuleni wazee wakinisifu. Nilisikia Ami Bakari akisema "kijana makini", kisha sikusikia mtu akiitikia.

Walipokwisha kula niliitwa, nikatokea na aproni ya mama mkwe.

"Binti tumekupa," alisema Mzee Shaali. "Tarehe hatukupi."

Tangu hapo nimeapa: siku nitaiandika siku, sitaipa saa ambayo haikuomba. Lakini kiapo changu hakikumshughulisha mzee. Harusi alialika mwenyewe kwa simu, mtu mmoja mmoja, na wiki ya mwisho akawa ananipigia kila baada ya magharibi kuniambia, "Si kesho," anakata. Jioni ya mwisho akapiga tena.

"Sasa ndiyo kesho," alisema, kisha akafikiri kidogo. "Kesho ya Kizungu."