Kikopo cha Pini

Pale kituo cha afya walimwita Mama Kikopo, na kusema kweli jina alilitafuta mwenyewe. Kazi yake ya unesi, miaka miwili sasa, ilikuwa kumpa kila aliyevuka miaka hamsini kikopo kidogo chenye kijiti kwenye kifuniko. Mtu anakwenda nacho nyumbani, anachovya choo kidogo, anarudisha, na maabara inaangalia kama kuna damu isiyoonekana kwa macho. Ikionekana, anapelekwa hospitali kubwa kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, ili kama kuna saratani ikamatwe mapema. Kugawa vikopo hakukumpa shida. Shida ilikuwa kurudishiwa.

Daftari lake lilikuwa na safu tatu: amechukua, amerudisha, amejibiwa. Aliyepitisha wiki mbili bila kurudisha aliandikwa upya kwa wino mwekundu, na asubuhi, hata chai hajanywa, Mama Kikopo anashika simu. Maneno yake yalikuwa yaleyale, na aliyapenda mno: "Habari za asubuhi, ndugu yangu. Choo hakina aibu, aibu ni kunikimbia. Kesho nakuona saa ngapi?"

Watu walimpiga chenga za kila aina. Mmoja kikopo kilipotea mara tatu. Mwingine alikuwa safarini miezi miwili mfululizo, ingawa kila Jumamosi alionekana sokoni akichagua nyanya. Lakini aliyemshinda kabisa ni fundi seremala, mzee wa miaka sitini na moja, aliyetengeneza mabenchi yote ya kituo na kwa hiyo alijiona ana hisa pale. Huyo wala hakudanganya. Alisema tumbo lake analijua mwenyewe, basi.

Siku hiyo fundi aliitwa kurekebisha droo ya meza ya Mama Kikopo, iliyokuwa inakwama. Mama Kikopo akaona bahati imemwangukia, akamkalisha na kuanza kumhubiria. Alihubiri mpaka mate yakamkauka. Fundi alimsikiliza kwa adabu, huku akiivuta droo. Ilipotoka, ilitoka na kila kitu, na pini za karatasi zikamwagika sakafuni. Zilikuwa zimetunzwa kwenye kikopo chenye kijiti, na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa kinesi, palikuwa na jina la Mama Kikopo na tarehe ya miaka miwili iliyopita.

Fundi alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Na hiki, dada yangu, kinasubiri nini?"

Loo, aliumbuka. Kikopo kile kilikuwa cha kwanza kabisa kutoka kwenye boksi. Naye alikuwa ameshavuka hamsini, akakiandika jina mbele ya wenzake wote, akajipiga kifua kwamba yeye ndiye atakayefungua njia. Kesho yake kulikuwa na kikao. Kesho kutwa yake akakumbuka kwamba mpimaji wa maabara ni shemeji yake, ambaye hula naye meza moja kila Jumapili, na wazo la shemeji kufungua kile kikopo likamtoa jasho. Yeye, wa choo hakina aibu! Kwenye daftari hakujiandika, kwa hiyo wino mwekundu haukumpata. Na chini ya visingizio vyote kulikuwa na woga mtupu, maana mama yake alikufa kwa ugonjwa wa tumbo ambao hakuna aliyewahi kuupima.

Akafungua mdomo kutafuta uongo mzuri, uongo ukagoma. Akasema anaogopa. Fundi akasema hata yeye. Wakakubaliana Jumanne, kila mtu na chake.

Jumanne walikutana mlangoni pa maabara, kila mmoja na mfuko mweusi, hawatazamani, utadhani wameiba. Shemeji alipokea vyote viwili bila hata kuinua macho, akaandika namba, akamwambia Mama Kikopo asisahau kwamba Jumapili chakula ni saa saba. Miaka miwili ya jasho, kumbe ni hilo tu.

Majibu yalipokuja, ya fundi yalikuwa safi. Yake yalikuwa na damu.

Mama Kikopo, aliyewaeleza mamia ya watu kwamba damu si lazima iwe saratani, alijifungia chooni akalia. Kisha akaanza kupiga danadana kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kusutwa naye. Aliahirisha kamera mara ya kwanza kwa sababu ya mafua, mara ya pili kwa sababu ya mapazia aliyotaka kufua. Mapazia! Asubuhi ya siku iliyofuata, chai hajanywa, simu ikalia.

"Habari za asubuhi, dada yangu," ilisema sauti ya fundi, ambaye habari za mapazia zilikuwa zimemfikia kituoni. "Choo hakina aibu, aibu ni kunikimbia. Kesho nakuona saa ngapi?"

Alitaka kukasirika, akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Alimjibu saa mbili. Fundi alimsindikiza, akakaa kwenye benchi la hospitali akilikagua miguu na kulisema vibaya. Kule ndani daktari alikuta vinyama viwili vilivyoota utumboni, akavitoa palepale. Vilipopimwa, kimoja kilikuwa salama, na kingine kilikuwa hakijawa saratani, lakini kilikuwa njiani. Daktari alimwambia amewahi. Hakumwambia kwamba angeweza kuwahi zaidi, hilo alijiambia mwenyewe.

Jumatatu alirudi kazini. Alifungua daftari ukurasa wa kwanza kabisa, akatafuta nafasi pembeni, akajiandika jina lake kwa wino mwekundu. Droo sasa ilifunguka vizuri. Pini alizihamishia kwenye kikombe kilichovunjika mkono, na kile kikopo kitupu akakiweka juu ya meza, tarehe ikitazama wagonjwa. Kisha akashika simu.

"Habari za asubuhi, ndugu yangu," alimwambia yule msafiri wa nyanya za sokoni. "Mimi changu nilikikalia miaka miwili, na nilichokuwa nakiogopa kilikuwemo. Wewe una miezi miwili tu. Njoo, nitakusindikiza."

Yule mtu akauliza maabara inafunguliwa saa ngapi.