Nimekaa Kitengela miezi miwili: baridi ya July, jiko la Kokoo na T-shirt yangu

Wakuu, hii kitu ilianza Jumatatu, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Najua kwa sababu niliangalia saa ya duka la dawa nikihesabu kama nitafika nyumbani kabla ya mum.

Mimi si mtu wa kuongea. Huwa naandika kwa daftari yangu na kuificha. Lakini hii imenilemea, kwa hivyo naileta hapa vile ilikuwa, hata pale inaniaibisha.

Niko Form Three. Nilikuwa boarder huko Mashuuru, halafu mum akapata kazi ya kushona kwa kiwanda, tukahamia Kitengela mwezi wa tano. Sasa ni day scholar. Naenda shule kwa mguu, nikirudi ni mguu, na katikati naangalia watu.

Baridi ya hapa inachosha kuliko ya kwetu. Asubuhi ukungu umelala kwa barabara, watu wa boda wameweka karatasi za carton ndani ya jacket ndio upepo usipite. Wanaume wa quarry wako weupe na vumbi hata kabla siku ianze. Kuna wengine husimama kwa trolley ya soseji za smokie na hawanunui, wanaota moto tu, na mwenyewe anajifanya hajaona.

Na hakuna mtu anasalimia mwingine. Hood juu, earphones ndani, macho chini. Wiki ya kwanza nilisalimia kila mtu, cousin yangu akaniambia niache, watu watafikiri nataka kuomba kitu. Nikaacha. Kusema ukweli nilifurahi, maana mtu mwenye aibu anapenda mahali hakuna anayemsalimia.

Isipokuwa Kokoo.

Kokoo ni nyanya wa Kimaasai anayechoma mahindi kwa kona, karibu na fundi wa viatu. Jina lake silijui, Kokoo ni nyanya tu kwa Kimaa. Sisi ni Wakamba, lakini ukikulia Mashuuru, katikati ya Wamaasai, unajua: ukikutana na mzee unainamisha kichwa, anakuwekea mkono, anakusalimia, ndio unajibu. Siku ya kwanza kichwa changu kiliinama chenyewe. Akacheka, akaweka mkono wenye harufu ya mkaa.

"Takwenya."

"Iko."

Basi ikawa hivyo kila asubuhi na kila jioni. Siku zingine hayo ndiyo maneno pekee niliyoongea nje ya darasa.

Sasa hiyo Jumatatu kulikuwa na manyunyu, na Kokoo alikuwa anafunga mapema. Mgongo ulikuwa unamsumbua. Nikambebea jiko mpaka kwa nyumba yake, chumba kimoja cha mawe nyuma ya plot, mlango wa chuma. Mkaa ulikuwa bado unawaka. Akaniambia niweke karibu na kitanda, kwamba wiki yote amekuwa akilala nalo.

Kwetu huko Mashuuru moto hulala ndani na watu. Lakini nyumba za kule zinapumua, moshi unapata njia. Hicho chumba kilikuwa na kadirisha kamoja, na kioo kimoja kilikuwa kimevunjika. Upepo ulikuwa unaingia hapo kama maji. Kokoo alikuwa anatetemeka.

Nikatoa T-shirt yangu ya games kwa bag, nikaikunja, nikaziba lile shimo vizuri. Nikaona nimefanya kazi nzuri. Nilienda nyumbani nikiwa na furaha, wakuu.

Jumanne asubuhi kona ilikuwa tupu.

Kulikuwa na lile jiwe lake la kukalia tu, limelowa. Fundi alikuwa amefika, anapiga soli. Watu walikuwa wanapita. Nikapita na mimi, maana gate ya shule hufungwa saa moja.

Nilikuwa nimefika kwa mama wa uji nikakumbuka. Carbon monoxide, ile gas ya mkaa inayoua. Haina rangi, haina harufu. Nilipata hilo swali kwa CAT ya Form Two, marks zote. Niliweza kuandika kwa karatasi, na bado nikaziba dirisha la mtu kwa mikono yangu.

Nikarudi mbio. Nikampita huyo mama, nikapita watu wa boda. Nikasimama mbele ya fundi, mtu ambaye nimempita miezi miwili kama mti.

Akasema bila kuinua kichwa, "Madam, leo ndio umejua niko hapa?"

Nikasema, "Kokoo ako na jiko ndani."

Hakuuliza mara mbili. Alichukua nyundo.

Tuligonga mlango, kimya. Fundi akavuta T-shirt kutoka kwa dirisha, akaingiza mkono, akafungua dirisha, akaita. Kokoo alikuwa chini, karibu na mlango. Alikuwa amejaribu kufika. Fundi akapiga bolt ya mlango mpaka ikalegea, tukamtoa nje kwa baridi, na wakuu, ile hewa baridi niliyokuwa naitukana kila siku ndiyo ilimrudisha. Alitapika. Akafungua macho.

Caretaker akaja, akaanza kuuliza nani aliziba hapo, maana yeye hupita kila siku na anajua shimo huwa wazi. Kokoo hangeweza kujibu. Fundi alikuwa ameshika T-shirt mkononi. Akaikunja, akaiweka mfukoni.

Na mimi sikusema ni yangu.

Walimpeleka hospitali na boda, fundi amemshikilia kwa nyuma. Nilifika shule saa mbili, nikapewa kuokota takataka field nzima. Jioni mum alirudi miguu imefura, nikamwambia yote, isipokuwa T-shirt.

Masomo yangu ni mawili na nitayasema haraka kwa sababu nimechoka. Usilale na jiko kwa nyumba ya mawe, hata kama mlikua mkilala nalo nyumbani. Na kama kuna mtu unayemuona kila siku kwa kona yake, siku asipokuwepo, uliza. Nyinyi mnaokaa towns, hii ya kusalimiana mliiacha lini? Niambieni hapo chini, nitasoma zote hata nisipojibu.

Nimalizie na Jumatano asubuhi.

Nilitaka kupita fundi haraka. Akaita, "Mwende, kuja."

Sikuwa nimewahi kumwambia jina langu. Nikakumbuka: kila boarder huandika jina kwa kola na marker.

Alinipa T-shirt kwa paper bag. Bado ilikuwa inanuka moshi. Nikasema ni mimi niliiweka. Akasema anajua, jina liko hapo.

"Lakini mimi si padre," akasema. "Amerudi jana jioni. Enda umwambie mwenyewe."

Nikaenda. Mlango ulikuwa wazi kabisa, jiko liko nje. Kokoo alikuwa amekaa kitandani amejifunika shuka mbili. Nilisimama mbele yake nikainamisha kichwa, na kabla aniguse nikamwambia kwamba shimo ni mimi niliziba.

Mkono ulichukua muda. Halafu ukakuja, mzito, ukakaa hapo.

"Takwenya."

"Iko."

"Hiyo nguo iko wapi?"

Nikamwonyesha paper bag.

"Lete nivae. Bado kuna baridi."

Mikono yake haikuwa na nguvu. Nikamsaidia kuivaa.