Karatasi ya ndege kwenye valizi

Leo Jumamosi. Nitaeleza yote, hata lile lililonitia aibu.

Mama anarudi leo kutoka Kinshasa. Atashuka kwa ndege Bujumbura, kisha avuke mpaka kuja kwetu Uvira. Simu yake haipatikani.

Asubuhi redio moja ilisema uwanja wa Bujumbura umejaa abiria.
Baba akageuza stesheni.
Nyingine ikasema hakuna abiria, ndege hazitui.

Baba akaniambia, "Enda mpakani, uangalie valizi, masanduku ya wasafiri. Ukiona yenye karatasi ya ndege, mwenyewe ametoka uwanjani."

Nilisimama muda mrefu kwenye jua.
Kisha nikaiona, karatasi nyeupe kwenye valizi nyekundu. Nilimshika mkono mwanamke aliyeibeba hata kabla ya kumsalimu.

"Mama, ndege zimetua?"

Akacheka. "Weye mtoto, miye natoka soko. Hii karatasi iko ya mwaka jana. Niliiacha tu, majirani waone kama nilipanda ndege."

(Mama yangu naye huwa haiondoi.)

Nimerudi nyumbani. Baba bado anageuza stesheni.

Ninyi mnaosoma hapa mlio Bujumbura karibu na uwanja, nijibuni hata kama ni hapana: leo mmeona watu wakitoka na valizi?