Ndagala za Mzee wa Filamu

Mimi ni fundi cherehani hapa Mutakura, na ukiniletea suruali utaondoka na utabiri wa tuzo za filamu hata kama hukuuomba.

Mwaka huu tuzo ya mwandishi bora nilishaigawa. Niliipa filamu moja ya Kizungu niliyoiona kwenye banda la video, ambako mtafsiri mmoja husema maneno ya waigizaji wote kwa Kiswahili. Mzee yuko hoi hospitalini, anamshika mkewe mkono: "Nikikufa, zile ndagala zangu usimupe jirani."

"Mwingine angeandika mapenzi," nilimwambia mteja wangu Mama Asha, pasi mkononi. "Huyu kaandika samaki. Huyo ndiye mwandishi."

"Kwani kule kwa Wazungu kuko ndagala?"

"Mwandishi mukubwa anafanyaka utafiti, mama."

Kwenye benchi, mgeni aliyekuwa akisubiri suruali yake ifupishwe akakohoa.

"Aksanti sana, fundi. Ile ya ndagala ni mi niliongeza. Siku ile nilikuwa na njaa."

Sauti hiyo niliitambua papo hapo. Ilikuwa ya yule mzee. Ilikuwa pia ya mkewe.