Alfajiri ya Endamarariek

Enzi zetu, ndugu zangu mliolelewa Karatu, hakukuwa na simu ya kutuamrisha kufunga mdomo. Kule Endamarariek Waislamu tulikuwa wachache, nyumba zetu unazihesabu kwa vidole, na msikiti ulikuwa mbali hata adhana hatuisikii. Mama alituamsha daku kwa kutuvua blanketi, na baridi ya kwetu ilimaliza kazi iliyobaki. Tulikula makande ya jana yaliyopashwa moto, na maziwa ya mgando tuliyoletewa na jirani yetu, mama mmoja wa Kiiraqw, Mkristo, ambaye nakwambia alijua mwezi umeandama kabla yetu sisi. Watoto wa leo wakikosa soseji kwenye daku wanasema hawajala.

Mwaka niliofunga kutwa kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa. Baba mdogo alikuja kututembelea kutoka Dar, na redio yake kwapani. Siku hiyo makande yalizidi chumvi, na nilikuwa nimejaza maji mdomoni redio ilipoadhini. Baba mdogo akaninyooshea kidole, akasema nikimeza tu, funga yangu imebatilika. Nikabaki mashavu yamevimba, machozi yananitoka. Kumeza naogopa, kutema kiu inanikataza. Jamani, nilivyoitaka funga ile! Nilikuwa nimeshajitapa shule nzima.

Mama hakuwa mtu wa kubishana na ukweni. Siku ile alibisha. Alimwita shemeji yake uani, nami nikafuata na maji yangu mdomoni, akamwonyesha upande wa Mto wa Mbu, jua linakotokea. Giza tupu, nyota zimejaa, weupe hakuna hata wa kubahatisha.

"Shemeji, hiyo ni alfajiri ya Dar," alisema. "Jua linaanza kwenu, sisi linatufikia baadaye. Tumeambiwa tule mpaka weupe uonekane, hatukuambiwa mpaka redio iseme." Kisha akanigeukia. "Meza."

Nikameza. Baba mdogo alisimama pale anatetemeka kwa baridi akiusubiri huo weupe, na ulipojitokeza mama alikuwa ameshamnywesha vikombe viwili vya chai.

Leo mwanangu, dereva wa watalii wanaokwenda Ngorongoro, ana simu inayolia dakika kumi kabla ya adhana, tena ameiacha kwenye nyakati za swala za Dar. Ikilia, nyumba nzima wanatupa vijiko kama wamefumaniwa. Nikiuliza, naambiwa ni tahadhari. Tahadhari gani ya kumnyima mtoto maji aliyohalalishiwa? Na nje hawatoki kutazama. Wangetoka wangeona nini? Taa za hoteli za hapa mjini zimeshatumezea nyota.

Ramadhani hii mjukuu wangu amefunga siku yake ya kwanza. Simu ikalia mashavu yake yamejaa maji, akawa anatutazama, mimi na baba yake. Kabla mwanangu hajasema neno, nilimshika mtoto mkono, nikampeleka nyuma ya nyumba, zisikofika taa. Giza tupu, kama lile la kwetu. Mama hayupo tena wa kulisema neno lake lile, nikalisema mimi.

"Meza."