Mkwe Mwenye Adabu

Sebuleni kwangu kuna cheti cha huduma ya kwanza, kimetiwa kwenye fremu ya kioo. Nilikipata kiwandani Kwala, ninakofanya kazi ya kupakia mizigo. Tulifundishwa siku mbili na nesi mmoja mkali kama pilipili, akatuletea mwanasesere wa mpira tumfanyie mazoezi, na mimi ndiye niliyesifiwa kuliko wote. Makofi nimepigiwa, picha nimepigwa. Nikarudi nyumbani kifua mbele, utadhani nimekuwa daktari.

Mwaka huohuo tulimfanyia akika mtoto wetu wa kwanza, kwa wakwe zangu Magindu. Mbuzi wa akika havunjwi mifupa, anakatwa kwenye viungo tu, kwa hiyo nyama zilikuwa mapande makubwa makubwa. Wanaume tulikula barazani, wanawake uani. Na ukweni kwangu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hamgusi hata kidole. Miaka minne ya ndoa, nilimpa shikamoo nikiwa nimeinama, naye akaitikia marahaba kutoka ndani ya mlango. Alikuwa mama mkarimu mno. Kila nikiondoka alinifungia mihogo, akaiweka juu ya kigoda ili tusipokezane mkono kwa mkono.

Hatujafika hata katikati ya chakula, tukasikia kelele uani. "Mama amepaliwa jamani! Leteni maji!"

Nikakimbia. Nilimkuta amesimama, mikono kooni, macho yamemtoka. Hakohoi, hasemi, hapumui. Mtu aliyepaliwa akiwa anakohoa, mwache akohoe. Asipotoa sauti kabisa, koo limeziba, na hapo hakuna muda wa kushauriana. Mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja kati ya mabega mara tano. Nyama ikigoma kutoka, simama nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta kwa ndani na kwenda juu, mara tano. Rudia mpaka itoke. Maji usimpe hata tone. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, yamepangika vizuri kabisa.

Nikapiga hatua. Mjomba wa mke wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akanitia mkono kifuani. "We mkwe, una wazimu? Utamkumbatia mama yako mbele za watu? Rudi nyuma!"

Nikarudi. Mwanamume mzima na ndevu zangu, nikarudi! Mke wangu, mtoto mgongoni, alikuwa analia. "Si umefundishwa wewe? Fanya basi!"

Nikafanya nini? Nikaanza kuelekeza kwa mdomo. "Shemeji, mshike kwa nyuma! Juu ya kitovu hapo!" Shemeji, kaka wa mke wangu, akababaika: "Wapi? Hapa?" Basi nikakunja ngumi nikajibonyeza tumbo langu mwenyewe ili aone. Mtu anakufa hatua tatu mbele yangu, nami nimesimama najibonyeza tumbo. Huku mmoja anammiminia maji mdomoni, mwingine anamnyanyua mikono juu, bibi mmoja anampuliza utosini.

Akaanguka. Wanawake wakamzunguka kwa khanga, sisi tukafukuzwa uani. Nikawa napiga kelele nyuma ya ukuta wa makuti, "Mbonyezeni kifua! Katikati ya kifua, kwa nguvu!" Sijui kama kuna aliyenisikia. Gari la jirani lilipopatikana, hatukufika nalo hata Mlandizi.

Siku ya mazishi, mjomba yuleyule akanivuta mkono. "Njoo mkwe, shika hapa." Nikapewa nafasi kwenye jeneza. Nikambeba mama mkwe wangu begani mpaka makaburini, na hakuna aliyesema neno.

Nimemchukia mjomba yule, sifichi. Lakini ana miaka sabini na mwili wa kuku. Ningemsukuma kwa kiwiko tu angekaa chini. Ninayemchukia zaidi namwona kwenye kioo cha kile cheti.

Arobaini ilipofika, mjomba akasimama kushukuru watu. Akanitaja na mimi. "Tumeoza kwa mtu mwenye adabu. Hata siku ile ngumu, hakuvuka mpaka wake." Wazee wakaitikia, kweli kabisa, kweli kabisa. Mmoja akanipiga begani kunipongeza. Mke wangu alikuwa mlangoni ameshika sinia la vikombe, akasikia kila neno.

Siku zote arobaini hakuwa amenilaumu hata mara moja. Tulipokuwa tunatembea kuelekea kituoni, akamhamisha mtoto bega, akasema bila kunitazama, "Ungemshika tu. Maneno yao ningeyabeba mimi."